Kuuza Boti Ambayo Mashine Yake Haiaminiki: Uzoefu Wangu Kigoma

Ukitaka kuuza boti iliyotumika hapa Kigoma, swali la kwanza utakaloulizwa halihusu urefu wa chombo wala umri wa mbao zake, bali linahusu mashine iliyofungwa nyuma. Ukijibu kwamba ni Yamaha, na hasa ile Enduro ya kuchanganya petroli na oili, mazungumzo yanahamia kwenye bei papo hapo. Ukitaja mashine ya aina nyingine, tena aina ambayo imewahi kuwaachia watu njiani, mteja ananyamaza kidogo, anaizunguka boti mara moja, kisha anasema anakwenda kushauriana na mwenzake, na mara nyingi harudi. Mimi niliuza boti ya namna hiyo. Ilikuwa boti ya mbao niliyoitumia kukusanya dagaa kutoka vijiji vya kusini na kuwaleta mjini, na mashine yake ya nguvu za farasi 40 ilikuwa ya aina ambayo mialo yote, yaani fuko zinakotia nanga boti za uvuvi, kuanzia Katonga hadi Kibirizi, ilikwisha kuipa jina baya. Sitaitaja aina hiyo, kwa kuwa ninayotaka kuyaeleza yanamhusu mtu yeyote anayeuza chombo ambacho sifa yake imemtangulia.

Kwanza ni lazima muuzaji aelewe kwamba sifa mbaya ya mashine ziwani si maneno ya wivu wala ubishi wa vijana wa mwaloni. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, upana wake ni wastani wa kilomita 50, na kina chake kinafika takribani mita 1,470, hivyo kwamba ni ziwa moja tu duniani lililo na kina zaidi yake. Kwa mtu wa boti, maana ya tarakimu hizo ni moja: mashine ikizimika mbali kidogo na ufuko, nanga haisaidii kitu, kwa sababu hakuna kamba ya boti ndogo inayofika chini. Chombo kinachukuliwa na upepo kuelekea unakotaka upepo wenyewe, na katika miezi ya kiangazi, Mei hadi Septemba, upepo wa kusini unapovuma kwa nguvu, hilo si jambo la kusubiri kwa utulivu. Kwa hiyo watu wa ziwa huikumbuka mashine kwa usiku ambao ilimwacha mtu, na hawasahau. Anayekuuliza maswali makali juu ya mashine yako anauliza kuhusu maisha ya watu atakaowapakia, na ukimjibu kwa kukasirika umekwisha kumpoteza.

Hata hivyo, sifa mbaya huja imechanganyika, na kazi yangu ya kwanza kabla ya kutangaza boti ilikuwa kuichambua. Nilikaa na fundi aliyeihudumia mashine ile tangu ilipokuja, nikamwomba anieleze bila kunionea haya ni lawama zipi ni za kweli kwa aina ile na zipi zinatokana na matunzo mabaya. Aligawanya mambo mafungu matatu. La kwanza ni udhaifu halisi wa aina yenyewe: impela, yaani ule mpira wenye mapezi unaozunguka ndani ya pampu na kusukuma maji ya kupoza, ilikuwa ya mpira mwepesi, na kwa kuwa boti zetu huingia na kutoka kwenye fuko za mchanga kila siku, mchanga uliilamba mapema kuliko ilivyo kwa mashine nyingine. Impela ikichoka maji hayapandi, mashine inapata joto, na joto ndilo linalochoma gasketi na kukwaruza pistoni. La pili ni uhaba wa vipuri: kitu ambacho kwa Yamaha unakipata dukani mjini siku hiyohiyo, kwa mashine ile ulikiagiza Dar es Salaam na kukisubiri kije kwa basi au kwa reli, na siku zote hizo boti imelala mchangani.

Fungu la tatu lilinigusa zaidi, kwa sababu ni lawama ambayo mashine ilibebeshwa bure. Mashine ile inataka oili sehemu moja kwa petroli sehemu hamsini, maana yake dumu la lita 20 linatiwa oili mililita 400. Wengi waliokuwa na mashine za aina ile walikuwa wakikadiria kwa macho. Aliyebana matumizi aliweka kidogo na kuunguza ringi za pistoni, na aliyeogopa aliweka nyingi, plagi zikajaa masizi, mashine ikagoma kuwaka asubuhi, na habari ikasambaa kwamba mashine ni mbovu. Kwangu nahodha alipimiwa oili katika chupa iliyokuwa na alama ya wino, na dumu lilitikiswa kabla ya kumiminwa. Nilijua, basi, kwamba nauza mashine yenye udhaifu wa kweli mahali pawili, lakini ambayo haikuwa imepatwa na lile balaa kubwa lililoziua nyingi za aina yake. Muuzaji asiyeweza kutenganisha mambo hayo atajikuta ama anaitetea mashine mpaka anasema uongo, ama anaikubalia kila lawama mpaka anaigawa bure.

Jambo hili halipo kwetu tu. Huko Marekani kampuni ya OMC, iliyokuwa ikitengeneza mashine za Johnson na Evinrude, ilileta mwishoni mwa miaka ya 1990 mfumo wa kudunga mafuta ulioitwa FICHT, na malalamiko ya wamiliki wa mashine za mwanzo za mfumo huo yakawa mengi. Kampuni iliomba kufilisiwa Desemba 2000, Bombardier ya Canada ikanunua shughuli za mashine hizo mwaka uliofuata na kuendelea kuziboresha, na mwaka 2020 uzalishaji wa Evinrude ukasimamishwa kabisa. Nimeitaja historia hiyo kwa sababu inaonyesha hofu ya mnunuzi inapokaa hasa. Hitilafu ya kiwandani inaweza kurekebishwa, lakini swali la nani atatengeneza vipuri kesho halirekebishwi na fundi yeyote, na mnunuzi mwenye akili hulipima hilo kabla hajapima kelele ya mashine.

Nilipoanza kueleza kwamba boti inauzwa, dalali mmoja alinijia nyumbani Ujiji akiwa na ushauri wake tayari. Alisema, «Mama, usijitese. Nunua stika za mashine yenye jina, piga rangi kifuniko, bandika. Nani atakuja kukifungua?» Nilimwambia kwamba yeyote atakayeinunua atakifungua siku ya kwanza plagi itakapochafuka, na kwamba siku hiyo huenda atakuwa katikati ya maji pamoja na watu wengine. Alinitazama, akasema, «Basi mama utauza kwa bei ya kuni.» Sikumpa kazi hiyo. Sitaki kulifanya jambo hili kuwa dogo: kubandika jina la uongo juu ya mashine ya boti ni kumfanya mtu apange safari kwa kutegemea kitu ambacho hana. Mtu anayejua kwamba mashine yake ina pampu dhaifu hubeba impela ya akiba na makasia, na hatembei mbali na ufuko; asiyejua havibebi. Mnunuzi akipewa habari sahihi, mwenyewe anaifanya boti ileile kuwa salama zaidi.

Lakini ukweli peke yake haukupi bei, na hapa ndipo nilipojifunza jambo lenye faida kuliko yote: usiuze boti na mashine kwa bei moja. Ukitaja bei moja, mteja anachukua ubaya wa mashine na kuupaka kwenye chombo kizima. Chombo changu kilikuwa kizuri kwa haki. Mbao zake zilikuwa za mninga, mkuku, yaani mti wa chini unaobeba chombo, ulikuwa umenyooka, mataruma, yaani mbavu zake, hayakuwa na ufa, na ubao wa tezi, pale mashine inapofungwa, ulikuwa umebadilishwa na kuongezwa unene. Kilikuwa kimekalafatiwa upya, yaani mianya ya mbao imezibwa, na kukaa majini bila kuingiza maji ya kutisha. Kwa nini mtu aniondolee thamani ya mninga kwa sababu ya impela? Kwa hiyo nilitaja bei mbili. Moja ilikuwa ya chombo peke yake, na hiyo sikuishusha kwa ajili ya mashine hata kidogo. Nyingine ilikuwa ya nyongeza kwa anayetaka mashine, na hiyo niliiweka chini ya nusu ya ile ambayo mashine yenye jina, ya nguvu na umri uleule, ingeipata. Kila mteja nilimweleza kwamba akiwa na mashine yake, au akipenda kununua nyingine, mimi nitaifungua hii na kubaki nayo, na hatutagombana.

Utaratibu huo ulibadilisha mazungumzo kabisa. Mteja aliyekuja kuiponda mashine alijikuta hana la kuponda, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuipunguzia bei kabla hajafungua kinywa. Akitaka kupunguziwa zaidi, ilimbidi aoneshe kasoro kwenye mbao, na kwenye mbao hakuipata. Kijana mmoja alijaribu kwa muda mrefu. Alisema mashine ile ni chuma chakavu. Nikamjibu, «Mwanangu, basi iache, chukua chombo.» Akarudi kuuliza bei ya mashine.

Kuhusu matengenezo kabla ya kuuza, maoni yangu ni kwamba utengeneze kile kinachopimika na uache kile kinachopendezesha. Sikupaka rangi mashine, kwa kuwa rangi mpya juu ya mashine yenye sifa mbaya humfanya mtu aamini kuna kinachofichwa. Nilibadilisha impela, nikaweka plagi mpya, nikabadilisha oili ya gia na kusafisha kabureta. Impela ya zamani sikuitupa. Niliiweka ndani ya boksi la vipuri pamoja na impela nyingine mpya mbili nilizokuwa nimeziagiza, ili mnunuzi aone mapezi yalivyochakaa na ajue atakuwa akitazama nini. Kisha nikamwomba fundi apime mgandamizo wa silinda kwa geji na kuandika vipimo kwenye karatasi. Katika kipimo hicho namba yenyewe haina uzito kama tofauti kati ya silinda moja na nyingine: zikikaribiana ni dalili njema, na zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15 kuna ringi au gasketi ya kuulizia. Zetu zilikaribiana. Karatasi ile ilizungumza badala yangu kwa wateja ambao wasingeniamini mimi mwanamke niwaeleze habari za mashine.

Kuna swali jingine ambalo wateja wenye uzoefu waliuliza na ambalo muuzaji wa huku anapaswa kulijibu kwa fahari ikiwa jibu ni zuri: je, mashine hii imewahi kufanya kazi baharini? Mashine iliyotumika pwani ina chumvi ndani ya njia zake za maji, na chumvi hula alumini polepole na kukamatisha boliti hata fundi akizigusa zinakatika. Yangu ilikuwa imekunywa maji ya Tanganyika tu tangu itoke kwenye boksi, na boliti zake zilifunguka kwa mkono wa kawaida.

Wakati wa kuuza nao una hesabu yake. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na siku za mbalamwezi taa hazivuti samaki vizuri, kwa hiyo vyombo vingi hupanda ufukoni kwa matengenezo. Fedha za wavuvi hupatikana siku za giza. Nafasi ya kukaa, kukagua na kubishana hupatikana siku za mwezi. Anayetangaza chombo chake pale giza linapokwisha anawakuta watu wakiwa na fedha mkononi na mafundi wakiwa karibu. Vilevile kuna misimu ya kungoja tu. Mwaka 2024, ziwa lilipopumzishwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, mfanyabiashara wa dagaa mwenye boti hakuwa na mzigo wa kupakia, na anayeuza katika hali hiyo anauza kwa dhiki. Nilingoja ziwa lifunguliwe ndipo nikatangaza.

Mnunuzi mmoja nilimkatalia mashine. Alikuwa mtu wa heshima, na fedha alikuwa nazo kamili, lakini alitaka kupakia abiria kwenda vijiji vya kaskazini, kupita Gombe. Nilimwambia wazi kwamba chombo nitamuuzia kwa furaha, ila mashine hii sitamuuzia kwa kazi ya abiria, kwa sababu mzigo wa dagaa ukichelewa unaharibika, lakini abiria ni akina mama na watoto waliokaa juu ya magunia. Alisema, «Mama, unaifukuza riziki.» Tuliagana vizuri, hakununua. Jamaa zangu hawakukubaliana nami, wakisema kwamba kitu kikishauzwa ni cha mwenyewe. Mimi naona kwamba anayeijua kasoro na kuyajua matumizi ana sehemu yake katika yatakayofuata, na bado naona hivyo.

Aliyenunua alikuwa mzee kutoka kijiji kimoja cha kusini, wilaya ya Uvinza, anayepakia mahindi na mawese kwa safari fupi za kandokando ya ufuko. Mpwa wake ni fundi na aliwahi kuzifungua mashine za aina ile. Tulipanga kukutana Kibirizi alfajiri. Nilipofika nikamkuta amekwisha kufika. Nikamsalimu, «Shikamoo mzee wangu,» akaitikia, na kabla ya kuuliza habari za nyumbani aliinua kifuniko cha mashine na kuweka kiganja chake chote juu ya kichwa cha silinda. Alikishikilia pale kwa muda. Alikuwa anahakikisha kwamba hatukuiwasha mashine mapema ili ipate moto na kumdanganya kwa kuwaka upesi. Aliporidhika kwamba ni baridi, alimwambia mpwa wake, «Vuta.» Mashine iliwaka baada ya kuvutwa mara chache, ikatoa moshi, ikatulia, na yule mzee akainama nyuma kuangalia uzi wa maji ya kupoza unaoruka pembeni. Alikinga kidole kwenye maji yale. Akasema yana nguvu.

Tulikwenda kuelekea Kalalangabo na kurudi, na kati ya safari mpwa aliizima mashine makusudi tukiwa mbali na ufuko. Nilimwelewa. Mashine nyingi zilizochoka huwaka vizuri zikiwa baridi na kugoma zikiwa moto. Tulikaa tukiyumba kidogo, mzee akinieleza habari za bei ya mahindi, kisha akaashiria iwashwe, ikawaka. Tuliporudi, mpwa alilegeza skrubu ya chini ya gia na kuacha oili idondoke kwenye sahani nyeupe ya bati. Oili iliyoingiliwa na maji hugeuka rangi ya chai ya maziwa, nayo ni dalili kwamba sili ya shafti ya pangaboi, yaani mpira unaozuia maji yasiingie pale linapozungukia panga la kusukuma boti, imekwisha. Ile ilitoka safi. Hapo ndipo nilipomweleza yote mzee: udhaifu wa impela, taabu ya vipuri, na kwamba gasketi ya kichwa iliwahi kubadilishwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, «Binti yangu, haya ya mashine hizi nilikuwa nayajua. Nilikuwa nangoja kuona kama na wewe unayajua.»

Bei ya chombo hakuigusa. Ile ya mashine aliomba niipunguze kidogo zaidi, nami nikamwongezea boksi la vipuri badala ya kupunguza, na tukakubaliana. Mkataba tuliuandika mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kila upande ukiwa na mashahidi wake, na ndani yake tuliandika namba ya mashine, vipimo vya silinda, na sentensi inayosema kwamba mnunuzi ameelezwa kasoro hizo tatu, ambazo tulizitaja kwa majina. Nilikabidhi pia karatasi za chombo na kumweleza taratibu za TASAC, ambalo ndilo shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini tangu mwaka 2018, ili uhamisho wa umiliki na ukaguzi vifanyike kwa jina lake asije akasumbuliwa njiani kwa chombo kinachosomeka kuwa changu. Hili wengi hulipuuza, na chombo kikipata ajali anayetafutwa ni mwenye jina lililomo kwenye karatasi.

Alilipa sehemu kubwa siku hiyo, na iliyobaki aliahidi kuileta baada ya kuuza mahindi, naye akaileta kwa mkono wa mpwa wake. Mpwa huyo hakuja kwa ajili ya fedha tu. Alitaka namba ya duka la Dar es Salaam ninakoagiza impela, kwa kuwa mzee ameamua kuagiza nyingine mbili kabla upepo wa kusini haujaanza, na alitaka pia kuiona ile chupa ya kupimia oili ili atengeneze ya kwake yenye alama hiyohiyo.